Usikate kofia ya mhitimu: kuandaa picha kubwa kabla ya kuiprinti nyumbani

Mwaka juzi, wiki moja baada ya mahafali, mama mmoja jirani yangu hapa Nzuguni, Dodoma, alinirudishia bahasha ya picha nilizomprintia. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto na za mvua iliyokuwa ikisuasua, kisha akachomoa picha moja akailaza mezani. "Mwalimu," akasema, "mwanangu kasoma miaka mitatu avae ile kofia. Kofia yenyewe iko wapi?" Nikaangalia. Binti yuko katikati ya wajomba na shangazi, joho limemkaa, meno yote nje, na pale juu ya paji karatasi imeishia. Kile kibapa cha juu na kishada chake havimo.

Picha yenyewe ilikuwa safi ajabu. Ilipigwa kwa simu ya megapikseli 48, pikseli 8000 kwa 6000. Nyuzi za joho ungezihesabu. Lakini mimi nilikuwa nimeifungua tu, nikabofya Print, nikaiachia kompyuta iamue. Ikaamua.

Wengi tunaoprinti nyumbani tunahangaikia ukali wa picha, na ukali simu za siku hizi zimekwisha kutupa kupita kiasi. Kinachoharibu kazi ni ukataji na upunguzaji unaofanyika kimyakimya kati ya faili na karatasi. Hapa nitaeleza jinsi ya kuufanya mwenyewe, kwa programu za bure, kwenye kompyuta ya kawaida isiyo na nguvu sana.

Picha haina sentimita

Faili la picha halina urefu wala upana wa kupimwa kwa rula. Lina idadi ya pikseli tu, vile vidoto vya rangi vilivyopangwa kwa safu kama mizabibu ya Hombolo. Sentimita zinapatikana pale unapoamua vidoto vingapi vibanane ndani ya inchi moja ya karatasi. Inchi moja ni sentimita 2.54, na kipimo kilichozoeleka kwa picha ya kushika mkononi ni pikseli 300 kwa inchi.

Kwa hiyo hesabu ni kuzidisha tu. Karatasi ya nne kwa sita, ile ya albamu, ina inchi 4 kwa 6: zidisha kila upande kwa 300, unapata 1200 kwa 1800. Nimeandika hizi kwenye kipande cha boksi nikakibandika juu ya printa:

- Paspoti ya milimita 35 kwa 45: pikseli 413 kwa 531
- Nne kwa sita (sentimita 10 kwa 15): 1200 kwa 1800
- Tano kwa saba (sentimita 13 kwa 18): 1500 kwa 2100
- A5: 1748 kwa 2480
- A4: 2480 kwa 3508

Hiyo 300 si amri. Picha ya A4 itakayotundikwa sebuleni, mtu akiitazama akiwa amekaa kwenye kochi, hata 200 kwa inchi inatosha, na sijawahi kukutana na mgeni aliyeinuka akaenda kuigusa kwa pua. Chini ya 150 ndipo nyuso zinaanza kuwa kama zimepakwa uji.

Kuna mkanganyiko mmoja ambao lazima niutoe. Kwenye boksi la printa utakuta imeandikwa kitu kama 5760 kwa 1440. Usihangaike kutengeneza picha ya pikseli 5760 kwa inchi. Namba hizo ni za matone ya wino. Printa ina rangi nne au sita tu, hivyo hulazimika kupiga matone mengi madogo ili kuiga rangi ya pikseli moja. Vilevile ukifungua sifa za faili ukaona 72 au 96, hiyo ni lebo tu. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 yenye lebo ya 72 na nyingine yenye lebo ya 300 ni picha ileile.

Kama pikseli zimezidi, kwa nini zipunguzwe?

Swali zuri, maana printa yenyewe inajua kupunguza. Sababu ya kwanza ni uzito. Picha ya 8000 kwa 6000, ikifunguliwa, kila pikseli inachukua baiti tatu, na jumla ni baiti milioni 144, hata kama faili kwenye diski linaonekana dogo. Panga picha thelathini za namna hiyo kwenye foleni ya printa ukiwa na laptopu yenye RAM ya gigabaiti 4, halafu nenda kachote maji, urudi, ukute bado inafikiri. Ileile ikipunguzwa hadi 1800 kwa 1200 ni kama baiti milioni 6 na nusu.

Sababu ya pili ndiyo kubwa. Picha yoyote ikipunguzwa inalegea kidogo, na inahitaji kunolewa baada ya kupunguzwa, kwa kipimo cha saizi ile itakayotoka. Ukiiachia printa ipunguze, huna nafasi ya kunoa. Tena baadhi ya programu hupunguza kwa kuruka pikseli, ndipo unaona kitenge chenye mistari myembamba kimetoka na mawimbi ambayo kwenye nguo hayapo.

Anza na faili halisi

Kabla ya yote, hakikisha una picha yenyewe, si kivuli chake. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida huminywa. Upande mrefu hubaki kama pikseli 1600. Gawa 1600 kwa inchi 6: unapata kama 267, basi kwa nne kwa sita itapita, ingawa ngozi za watu zitaonyesha ule uminyaji. Kwa tano kwa saba ni 229, bado unaweza kujitetea. Kwa A4 ni 137, na hapo mwambie tu mwenye picha aitume upya. Atume kama Document, au ailete kwenye flashi, au mtumiane kwa Bluetooth. Usikubali kuikuza hadi 3508 ukidhani umeiokoa. Kompyuta ikikuza inabuni pikseli za katikati, haikumbuki sura ya mtu.

Kisha nakili. Tengeneza folda mbili, moja uiite ASILI na nyingine KUPRINTI, na usiguse chochote ndani ya ile ya kwanza. Picha ya aina ya JPEG, ile ya .jpg, hupoteza ubora kidogo kila inapohifadhiwa upya, na zaidi ya hapo kuna siku utabonyeza Ctrl na S kwa mazoea, picha pekee ya marehemu babu ibaki na upana wa pikseli 600.

Kukata: hapa usiende haraka

Simu nyingi hupiga kwa uwiano wa 4 kwa 3. Kamera nyingi kubwa za lenzi za kubadilisha hupiga kwa 3 kwa 2. Karatasi ya nne kwa sita ni 3 kwa 2. A4 nayo ina uwiano wake, urefu ni mara 1.414 ya upana. Umbo la picha na umbo la karatasi zisipolingana, moja kati ya mambo mawili lazima litokee: picha ikatwe au karatasi ibaki na sehemu nyeupe. Hakuna la tatu, ila kuivuta picha hadi watu wanenepe, na hilo tusilizungumze.

Chukua picha ya simu ya 4000 kwa 3000 iliyopigwa kwa kulala. Ili iwe 3 kwa 2 lazima kimo kishuke kutoka 3000 hadi 2667. Pikseli 333 zinaondoka, asilimia 11 ya kimo, na kama ukataji unagawanywa sawa, nusu inatoka kwenye vichwa. Hiyo ndiyo hesabu ya kofia ya binti wa jirani. Kwenye dirisha la kuprinti picha la Windows kuna kisanduku kimeandikwa Fit picture to frame, kimewekwa tiki tayari, na kazi yake ni hiyohiyo: kujaza karatasi na kutupa kinachozidi. Picha iliyopigwa kwa kusimama hukatwa kulia na kushoto, kwa hiyo waathirika ni wale wa pembeni, mara nyingi watoto na yule mjomba aliyechelewa kuingia kwenye pozi.

Mimi natumia GIMP. Ni ya bure, na ukishaipakua haihitaji bando tena. Fungua picha, ikikuuliza habari ya wasifu wa rangi, chagua Convert, ili iwe sRGB ambayo printa za nyumbani huielewa. Bonyeza Shift na C upate kifaa cha kukata. Kwenye mipangilio yake weka tiki kwenye Fixed, chagua Aspect ratio, andika 3:2. Buruta fremu juu ya picha, kisha isogeze. Hapa ndipo jicho lako linapofanya kazi ambayo kompyuta haiwezi: kama chini kuna nyasi na vumbi tupu, sogeza fremu juu ili ukataji wote utoke kwenye vumbi. Acha nafasi ya kidole juu ya kichwa kirefu kuliko vyote, kwa sababu printa ikiprinti bila ukingo itakula milimita chache tena. Ukiridhika, bonyeza Enter.

Kwa A4 andika 297:210. Picha ya kamera ya 6000 kwa 4000 itabaki 5657 kwa 4000, kwa hiyo unapoteza kama asilimia 6 tu ya upana.

Na ikiwa picha imebana kila upande, watu wamejaa hadi pembeni na hakuna cha kukata? Usikate. Ipunguze hadi 1600 kwa 1200, halafu ingia Image, Canvas Size, fungua kile kimnyororo kinachofunga upana na kimo pamoja, weka 1800 kwa 1200, bofya Center, ujazo wa rangi uwe mweupe, kisha Image, Flatten Image. Unapata picha nzima yenye mkanda mweupe wa kama milimita 8 na nusu kila upande. Wapo watakaosema inaonekana kama haijamalizika. Waonyeshe kofia.

Kwenye simu ya Android, Snapseed ina uwiano huu tayari kwenye sehemu ya Crop: 3:2 kwa nne kwa sita, 7:5 kwa tano kwa saba, na ule ulioandikwa DIN ni wa A4 na A5.

Kupunguza

Hii ni fupi. Turudi kwenye GIMP: Image, Scale Image. Hakikisha kile kimnyororo kimefungwa ili pande mbili ziende pamoja. Andika 1800 kwenye upande mrefu, mwingine utakuwa 1200 wenyewe. Ikitokea 1199 au 1201 si neno. Kwenye X na Y resolution weka 300. Kwenye Interpolation chagua NoHalo kama unashuka chini ya nusu ya saizi ya awali, LoHalo kama unapunguza kidogo. Cubic nayo haijawahi kuniangusha. Usichague None, hiyo ndiyo ya kuruka pikseli. Bofya Scale.

Usiichanganye na Print Size iliyopo kwenye menyu hiyohiyo. Ile hubadilisha lebo tu, pikseli hazipungui hata moja.

Kunoa na mwanga

Bonyeza namba 1 uione picha kwa kipimo chake halisi kwenye skrini. Nenda Filters, Enhance, Sharpen (Unsharp Mask). Anza na Radius 0.8 na Amount 0.5. Angalia kope na nywele. Ukiona mstari mweupe kama wa chaki umezunguka mabega dhidi ya anga, umezidisha, rudi nyuma. Kwa karatasi naruhusu kuzidisha kidogo kuliko skrini inavyopenda, maana wino husambaa.

Kisha mwanga. Malalamiko ya "mbona imetoka nyeusi" karibu yote yanatokana na skrini iliyowashwa kupita kiasi. Jua la Dodoma likiingia dirishani unaongeza mwanga wa skrini hadi mwisho, picha inaonekana imekaa sawa, unaprinti, sura zinatoka za jioni. Funga pazia, shusha mwanga wa skrini, weka karatasi nyeupe pembeni yake hadi weupe wa skrini usiizidi sana ile karatasi. Ndipo uamue kama picha inahitaji kung'arishwa. Kwa sura zetu, kinachohitajika ni kuinua sehemu za kati kwa Colors, Curves, kidogo tu, bila kugusa nyeupe ya shati.

Hifadhi kwa File, Export As, jina liishie na .jpg, ubora 95. Mimi huandika saizi kwenye jina, kwa mfano mahafali_4x6_03, ili kesho nisije nikaiprinti kwenye A4.

Zikiwa nyingi

Kwa picha mia moja za send-off, kuzipunguza mojamoja ni adhabu. Kata kwa mkono, kwa sababu kukata kunahitaji jicho, lakini kupunguza iachie programu ya IrfanView. Bonyeza B, ongeza picha zote, weka tiki kwenye Use advanced options, bofya Advanced, chagua Set long side to, andika 1800, hakikisha Preserve aspect ratio na Resample zina tiki. Elekeza matokeo kwenye folda KUPRINTI. Kwa kuwa umeagiza upande mrefu, za kulala na za kusimama zote zitakaa sawa.

Paspoti nane kwenye karatasi moja

Hapa ndipo unapopata fedha ya sukari kutoka kwa majirani. Kata picha kwa uwiano wa 35:45, ipunguze hadi 413 kwa 531. Tengeneza picha mpya tupu ya 1800 kwa 1200, nyeupe, kisha bandika nne kwa safu mbili: nne zinachukua upana wa 1652, mbili zinachukua kimo cha 1062, nafasi ya mkasi inabaki. Saizi inayotakiwa iangalie kwenye fomu husika, si kwa kukariri yangu.

Kwa kazi hii usiprinti bila ukingo. Printa ikiprinti bila ukingo huikuza picha kidogo ili ifike nje ya karatasi, na milimita 35 zinakuwa 36 na ushee. Chagua ukingo wa kawaida na Actual size au asilimia 100. Pima ya kwanza kwa rula kabla ya kukata.

Kwenye printa

Mambo matatu lazima yalingane na karatasi uliyoweka: saizi, aina na ubora. Ukiweka karatasi ya kung'aa huku ukiacha Plain paper, printa inamwaga wino kwa kipimo cha karatasi ya ofisi, rangi zinapauka na vidole vinachafuka. Ukiprinti bila ukingo, tafuta kitelezi cha Expansion kwenye mipangilio na ukishushe hadi chini kabisa.

Kiangazi chetu, kuanzia kama Mei hadi Novemba, ni adui wa kichwa cha printa. Hewa ni kavu, wino unaganda kwenye matundu, halafu kuna vumbi. Zima printa kwa kitufe chake, usiizime kwa kuchomoa ukutani, kwa sababu ikizimwa kwa kitufe hurudisha kichwa kwenye kifuniko chake. Printi hata karatasi moja ya rangi kila wiki. Ukianza kazi, endesha Nozzle Check kwanza, lile jaribio linaloprinti mistari ya kila rangi ya wino. Mistari ikikatika, safisha kichwa mara moja au mbili, pasipokuwa na mabadiliko acha printa ipumzike, maana kila kusafisha kunakunywa wino. Karatasi za picha zikae ndani ya mfuko wake wa plastiki hadi dakika ya mwisho, na kabla ya kuipakia ipulize au ipanguse kwa brashi laini. Chembe moja ya vumbi ikibanduka baada ya kuprinti inaacha doa jeupe katikati ya shavu la mtu. Umeme ukiyumba, laptopu ina betri lakini printa haina, na karatasi iliyokatika katikati hairudiwi pale ilipoishia.

Kabla ya kuunguza karatasi nzima ya A4, fanya hivi: kutoka kwenye faili lako lililokwisha andaliwa la 3508 kwa 2480, kata kipande cha 1800 kwa 1200 chenye sura muhimu, bila kukipunguza, kisha kiprinti kwenye nne kwa sita. Kipande hicho ni sehemu halisi ya ile A4, ukali uleule na rangi zilezile. Kitazame mchana mlangoni, kisha usiku chini ya taa ya sebuleni. Kama ni cheusi, rudi kwenye Curves. Picha kubwa ikitoka, ilaze mahali pasipo na upepo hadi kesho yake ndipo uiweke kwenye fremu yenye kioo, na ukutani pasiwe pale jua la saa kumi linapopiga, kwani wino wa printa nyingi za nyumbani hupauka kwa jua.

Ya yule binti niliirudia jioni ileile, picha nzima, na ule mkanda mweupe kulia na kushoto. Mama yake aliishika mbali, akaisogeza karibu, akahesabu ndugu wote kwa kidole hadi akafika kwenye kishada. Akauliza kama naweza kumtolea na ya A4. Nikamwambia nipe mpaka kesho, leo wino wa bluu umekatika mistari.